R2R na delta-sigma (aina mbili za DAC): kuna mtu anasikia tofauti kweli ama ni bei tu?

Migosi_Stereo, Kisumu

Wasee habari zenu. Naomba jibu la mtu amesikiza na masikio yake, maana huko nje kila mtu anauza kitu. Seti yangu ni laptopu, kaboksi kadogo ka DAC (kanabadilisha wimbo wa dijitali kuwa umeme wa kupeleka kwa ampu) ka delta-sigma kenye chipu ya ESS, ampu ya stereo ex-UK ambayo haijawahi nisumbua, na spika mbili za shelfu. Nyumba ni ya kukodi, chini tailsi, juu mabati na silingi bodi. Nasikiza benga ya miaka ya 70 na 80 kuliko kitu kingine chochote, niko nazo nyingi kwa FLAC (faili zisizopunguza sauti), nimekusanya kwa watu tofauti tofauti.

Sasa shemeji yangu wa Nakuru amekuja kututembelea na DAC yake ya R2R. Tukachomeka yangu, tukasikiza, tukachomeka yake. Aki hio kitu iliimba. Gitaa la kwanza likaja mbele, besi ikajaa, mwimbaji akawa ni kama amesimama kati ya spika. Ata bibi yangu akitoka jikoni akasema hio ya pili ni tamu na hakuwa anajua tunafanya nini. Shemeji anasema nitafute 35,000 nichukue kama yake juu delta-sigma inakatakata muziki vipande. Alafu kuna jamaa kazini, huyo amesomea umeme, anasema DAC ni DAC, zote zinatoa kitu kimoja na hio tofauti ilikuwa kwa kichwa. Wote wawili nawaheshimu na hawawezi kuwa sawa wote. 35,000 kwangu ni karo, siwezi weka tu hivi hivi.

Kitu ingine, spika zangu ziko na mvumo chini chini, mmmmm, muziki ukinyamaza ndio unausikia. Nikinunua DAC ya maana itaisha?

Kanduyi_Beat, Bungoma

Omera hio 35,000 weka kwa spika. Spika moja na nyingine utasikia tofauti ukiwa ata kwa choo. DAC ni kitu ya mwisho kabisa kubadilisha.

Ngazi_Lanet, Nakuru

Sikubaliani na huyo wa juu na naomba nielezwe kwa nini watu wanakimbilia kuambia mwenzao "ni kichwa" wakati ata bibi yake ambaye hakuwa na habari amesikia. Huyo mama hakusoma tangazo lolote.

Mimi niko na R2R na sitarudi nyuma. Kwa wenye hawajui, ndani ni ngazi ya rezista, thamani mbili tu, R na 2R, zimepangwa juu kwa juu, kila biti ya wimbo inafungua swichi yake na volti inatoka hapo hapo. Hakuna hesabu ya katikati. Delta-sigma inachukua wimbo wako, inaukimbiza kwa kasi kubwa sana na biti chache, kelele inasukumwa juu mahali sikio halifiki, alafu filta inasafisha. Inafanya kazi, sikatai, lakini ni mzunguko mrefu. Rudi ata kwa CD za kwanza. Sony walipotoa mashine yao ya CD, CDP-101, Oktoba 1982, na Philips na chipu zao za TDA1540 na baadaye TDA1541, watu mpaka leo wanatafuta hizo TDA1541 kwa mashine mbovu wazing'oe. Kama zote zinatoa kitu kimoja kwa nini mtu ahangaike?

Na wale wa vipimo wanapenda kusema hakuna ushahidi. Upo. Mwaka wa 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary pale London alikusanya tafiti 18, majaribio zaidi ya 12,000, akauliza kama watu wanaweza tofautisha sauti ya kiwango cha juu na ile ya kawaida ya CD. Jibu likawa ndiyo, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Sikio linafunzwa. Mtu akikaa na muziki wake miaka anasikia vitu mgeni hasikii.

Ndugu wa Migosi, ulisikia ulichosikia.

fundi_bondeni, Nakuru

Migosi_Stereo, kabla sijasema lolote nataka kujua kitu kimoja. Mlipochomoa DAC yako mkaweka ya shemeji, kuna mtu alipima volti? Sio kugusa kitufe cha ampu na kusema "hapo sawa". Kupima na multimita.

Nauliza kwa sababu maneno yote uliyotumia, gitaa kuja mbele, besi kujaa, mwimbaji kusimama, ndiyo maneno mtu husema kitu kikiongezwa sauti kidogo. Desibeli 1 au 2 huwezi kuisikia kama "imeongezwa", unaisikia kama "imekuwa nzuri". Ni sawa na kuonjesha watu chai ya maziwa ya ng'ombe wawili na kikombe kimoja kina sukari zaidi, hapo hujapima maziwa. Na bibi yako hakudanganya wala hakudanganyika, alisikia tofauti ya kweli. Swali ni tofauti ya nini.

DAC nyingi za kuweka mezani zinatoa volti 2. Lakini ziko zinazotoa 2.5 na ziko zinazotoa chini ya 2, hakuna askari wa kuzilazimisha. Ile waya fupi ya simu ya Apple ya USB-C, toleo la Ulaya linatoa nusu volti wakati la Marekani linatoa 1. Ni kitu kimoja kwa macho, moja iko chini desibeli 6, na nina hakika kuna watu waligombana juu ya "sauti" yake bila kujua hilo.

Fanya hivi. Fungua Audacity (programu ya kuhariri sauti), tengeneza toni ya 200 Hz, icheze kupitia DAC moja, pima volti za AC kwenye tundu za RCA (zile za kutolea sauti), kisha nyingine. Usitumie toni ya juu sana kwa sababu multimita za bei ya chini hazisomi vizuri juu ya 400 Hz hivi. Ile yenye volti zaidi ishushe kwa programu ya muziki mpaka zisomane. Lengo ni tofauti isizidi desibeli 0.1, ambayo ni kama 2.00 kwa 2.02. Ukishafanya hivyo mwambie shemeji abadilishe bila wewe kuona, na asikae mahali unaona uso wake.

Sasa hiyo ya delta-sigma kukata vipande. Hiyo naisikia kazini kila mara na inanisumbua kwa sababu inafanya watu watupe mashine nzuri. Hakuna vipande vinavyotoka. Kinachotoka kwenye tundu la RCA ni wimbi laini, weka osiloskopu uone, mimi nimeona. Nadharia inasema sampuli (vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD, zinatosha kurudisha kila kitu kilicho chini ya 22.05 kHz, na mtoto mwenye masikio safi husikia mpaka 20 hivi, mtu mzima chini ya hapo.

Ngazi ya rezista ndiyo yenye kazi ngumu. Kwa biti 16 una hatua 65,536, kwa hiyo rezista ya biti kubwa kabisa lazima iwe sahihi kwa kiasi cha asilimia 0.0015. Rezista tunazonunua kila siku ni za asilimia 1, nzuri ni 0.1, za bei kali 0.01. Ukipita katikati, pale sauti inapovuka sifuri, swichi zote zinageuka kwa pamoja na kosa la ile rezista kubwa linajitokeza, na linajitokeza kwenye sauti ndogo ndogo, si kubwa. Watengenezaji wazuri wanalirekebisha na wanafanya kazi ya kuheshimika. Ila mtu asiniambie ni njia iliyonyooka zaidi.

Ngazi_Lanet yuko sahihi mahali pamoja na nataka nimpe haki yake. DAC nyingi za R2R zina hali ya NOS, ile isiyoongeza sampuli, na hiyo inabadilisha sauti kweli, kwa vipimo na kwa sikio. Wimbo wa CD ukipita NOS unapoteza karibu desibeli 3 ukifika 20 kHz, na robo tatu ya desibeli ukiwa 10 kHz. Trebo inalegea. Mtu akisema ni laini na haichoshi hajakosea hata kidogo. Ila hiyo ni ekwaliza, na ampu yake ya ex-UK ina kitufe cha trebo pale mbele.

Utafiti wa Reiss nimeusoma. Aende mpaka kwa namba: asilimia 52.3 ya majibu yalikuwa sahihi, pale ambapo kubahatisha kunakupa 50. Na ule wa Meyer na Moran wa 2007, walichukua SACD (sahani za kiwango cha juu kuliko CD), wakashusha sauti yake mpaka kiwango cha CD, biti 16 na 44.1 kHz, wakauliza watu ipi ni ipi: majibu 276 sahihi kati ya 554. Mimi sisemi hakuna tofauti. Nasema ikiwepo ni ndogo kiasi hicho, na gitaa lako "lilikuja mbele" sebuleni kwa wote. Hizo haziwezi kuwa kitu kimoja.

Mvumo: chomoa chaja ya laptopu, acha muziki uende kwa betri. Ukinyamaza, basi ni umeme unazunguka kati ya athi ya chaja na athi ya ampu kupitia waya ya USB. DAC ya 35,000 inaweza kuvuma vile vile. Kama laptopu au DAC ina tundu la optiko tumia hiyo, ni mwanga, haibebi umeme wowote. Au aizoleta ya USB, kifaa cha kutenganisha umeme kwenye waya hiyo. Na tafadhali usije ukakata pini ya athi kwenye plagi jinsi watu wanavyoshauriana, ampu ya chuma yenye hitilafu kwenye 240 V inaua mtu.

Ngazi_Lanet, Nakuru

Fundi nakuheshimu sana na kazi yako naijua, lakini hapa mnapotea njia. Muziki hausikilizwi kwa sekunde kumi kumi ukibonyeza swichi. Unakuja nyumbani umechoka, unaweka albamu, ikiisha unaweka nyingine, na siku nyingine unajikuta umezima baada ya nyimbo mbili na hujui kwa nini. Hio ndio tofauti mimi naongelea. Uchovu wa masikio. Jaribio lako la kubadilisha haraka haraka haliwezi kuligusa hilo.

Na hio ya kusema NOS ni ekwaliza, sawa, lakini mtu ameipenda. Nimejaribu kushusha trebo kwa ampu na sio kitu kimoja.

fundi_bondeni, Nakuru

Haliwezi kuwa kitu kimoja kwa sababu kitufe cha trebo cha ampu nyingi kinaanza kushusha chini sana, 2 au 3 kHz huko, kinachukua na uhai wa sauti ya mtu. NOS inaanza juu. Tumia ekwaliza ya programu, panga mteremko unaofanana na ule, kisha sikiliza tena.

Kuhusu sekunde kumi, hakuna aliyesema lazima iwe haraka. DAC zote mbili zifunikwe kitambaa, mtu mwingine nyumbani achague moja bila kukuambia, uishi nayo wiki nzima, abadilishe au asibadilishe, uandike tu jioni gani ulichoka mapema. Volti zikiwa sawa. Nitakubali matokeo yoyote yatakayotoka hapo, na nasema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu kama huo uchovu upo nataka kujua unatoka wapi ili niutengeneze.

Nikuongezee jambo linaloweza kuwa chanzo halisi. Nyimbo za siku hizi zimesukumwa mpaka juu kabisa, na DAC inayoongeza sampuli inapochora wimbi katikati ya sampuli mbili za juu, wimbi linapita kilele na linakatwa kichwa. Huo ni ukali wa kweli na unachosha. Shusha volyumu ya programu desibeli 3 kabla ya DAC, alafu sikiliza albamu zile zile. NOS haihesabu hayo ya katikati, kwa hiyo haikutani na tatizo hilo kwa namna ile.

Ngazi_Lanet, Nakuru

Hio ya desibeli 3 sikuwa nimesikia. Nitajaribu na DAC ya kijana wangu ambayo ni delta-sigma. Ya kitambaa pia nitafanya, bibi ndio atakuwa anachagua.

Shinyalu_Santuri, Kakamega

Samahani nimechelewa kuingia, nilikuwa na wageni. Nimesoma yote na kuna kitu kinanikera kidogo, hakuna aliyemuuliza huyu kaka hizo FLAC zake zimetoka wapi. Amesema benga ya miaka ya 70. Hizo zilikuwa santuri za 45, zile sahani ndogo. Mtu fulani aliziweka kwenye mashine, akarekodi, zikapita mikono, zikafika Migosi. Hapo katikati ndipo sauti inakufa, na mimi hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kuokoa omutibo (muziki wa gitaa wa Waluhya) na benga za wazee kabla sahani hazijaisha, kwa hiyo mnivumilie.

Biti 16 zinabeba desibeli 96 hivi. Kaseti ya kawaida isiyo na Dolby (kipunguza kelele) inazunguka 50 hadi 55. Santuri iliyochezwa baa miaka kumi na sindano butu siwezi hata kuitajia namba. Kwa hiyo kelele ya chini kabisa unayosikia kwenye wimbo wako ni ya sahani, au ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kwa sahani, na DAC yoyote ya siku hizi iko chini sana ya hapo. Halafu mvua ikianza Kisumu saa kumi jioni, na mabati hayo!

Angalia hivi vitu viwili. Cha kwanza, fungua wimbo kwenye Audacity, badilisha mwonekano uwe wa spektra, unaoonyesha sauti za chini mpaka za juu. Kama juu pamekatwa kama kwa rula kwenye 16 kHz, hiyo ilikuwa MP3 ndogo mtu akaivalisha nguo ya FLAC. Jina limebadilika, kilichotupwa hakirudi, hata ungekuwa na DAC ya milioni.

Cha pili ndicho kinachoniuma. Santuri zinakatwa zikiwa na besi imepunguzwa na trebo imeongezwa kwa makusudi, kwa mkunjo wa RIAA uliokubaliwa miaka ya 50, ili mifereji isiwe mipana na kelele za sahani zipungue. Priampu ya fono inageuza hayo kinyume wakati wa kucheza. Watu wengi waliorekodi hizi nyimbo walichomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Matokeo ni benga nyembamba, sauti ya bati, besi imepotea kabisa, na kizazi kizima sasa kinadhani ndivyo wazee walivyorekodi. Sivyo! Wale wapiga besi walikuwa wazito. Nimeweka sahani safi kwenye priampu ya kweli mbele ya watu waliokulia na huo muziki na wakauliza kama ni bendi nyingine.

Hilo la RIAA linarekebishika, Audacity ina mkunjo huo tayari kwenye ekwaliza. Kama faili yenyewe ni nzima.

Migosi_Stereo, Kisumu

Nashukuru sana wote, sikutarajia majibu ya aina hii. Nimefanya.

Mvumo: nimechomoa chaja, ukanyamaza hapo hapo. Nimeagiza waya ya optiko, DAC yangu iko na tundu na TV iko nalo, ya laptopu nitatafuta aizoleta.

Volti: yangu 2.0, ya shemeji 2.5. Nimeshusha yake mpaka zikasomana. Tumebadilishana bila kuona mimi na yeye, kila mtu zamu yake. Ikiwa hali ya kawaida hakuna mtu ameweza kushika ipi ni ipi, ata yeye na ni yake. Ikiwa NOS nasikia kweli, hi-hat (sahani za ngoma) zinarudi nyuma kidogo, hapo fundi na Ngazi wote mko sawa. Shemeji bado anaipenda na sioni kwa nini asiipende, ni mashine nzuri na imeundwa vizuri. Ile ya bibi kusema ni tamu sasa naielewa.

Lakini ya dada wa Kakamega ndio imenimaliza. Nimepitisha faili zangu za benga kwa spektra na nyingi zimekatwa 16 kHz kama ulivyosema, na zilizobaki nzima nikiweka mkunjo wa RIAA kuna zenye besi imetokea ghafla mpaka nikasimama. Baba yangu aliacha santuri kwa sanduku dala (nyumbani), Siaya, zile za 45, na zingine ni nyimbo hizi hizi. Hazijaguswa miaka mingi. Naweza leta Kakamega? Na nizibebe aje?

fundi_bondeni, Nakuru

Hizo santuri peleka. Na ukitaka DAC ya pili siku moja kwa mkono wa pili, uliza chipu iliyo ndani kabla ya kulipa, kwa sababu kiwanda cha chipu za DAC cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020 na watengenezaji wengi wakahamia chipu nyingine, kwa hiyo boksi zenye majina yanayofanana zinaweza kuwa tofauti ndani.

Shinyalu_Santuri, Kakamega

Leta kaka, karibu sana. Usizilaze moja juu ya nyingine kwa safari, zisimamishe wima kama vitabu, zibanwe vizuri zisicheze, na sanduku lisikae juani wala chini ya miguu ndani ya matatu, liwe mapajani kwako. Usizipanguse na kitambaa kikavu, vumbi la miaka hiyo ni mchanga, litachora. Usizicheze kwanza "kujaribu" hata kama kuna mashine hapo nyumbani. Nitaziosha mwenyewe kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, lebo ikiwa imefunikwa. Zile zilizopinda pia leta, usiache hata moja kwa kuona imeharibika. Na kama kuna bahasha zenye maandishi ya mzee, njoo nazo, maana mara nyingi jina la mpiga besi liko hapo tu na si mahali pengine popote.